Kope zikilegea, paji likishuka: urembo unaishia wapi, matibabu yanaanzia wapi?

Mwishoni mwa mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji wa kurekebisha na kupendezesha maumbile. Habari hiyo ilienea haraka, ikafika mpaka huku kwetu Mafia. Vijiweni, bandarini na kwenye makundi ya simu watu walizungumzia zaidi makalio, matiti na matumbo. Wapo waliocheka, wapo waliolaani, na wapo waliouliza bei kimyakimya.

Katika kelele hizo kuna jambo moja halikupata nafasi, nalo linawagusa watu wengi wa rika la wazazi wetu: paji la uso linaloshuka na kope zinazolegea mpaka zikafunika macho. Ukikaa barazani hapa Kiegeani na watu wazima, hutakosa mmoja anayeinua kidevu juu ili akuone vizuri, au anayenyanyua kope kwa kidole anaposoma ujumbe kwenye simu. Ukimuuliza atakujibu, "Uzee huo, mwanangu."

Wakati mwingine ni uzee kweli. Wakati mwingine ni ugonjwa. Na hata ukiwa ni uzee, lipo la kufanya. Katika makala haya tunaeleza nini hasa kinachoshuka, njia zipi zipo za kukinyanyua, zipi ni za kuaminika na zipi ni za kukimbia. Tunaeleza pia jambo ambalo tunaona ndilo zito kuliko yote: kwenye kope, tofauti kati ya urembo na matibabu inaweza kupimwa. Mtu akijua hivyo, haondoki hospitalini kwa kuambiwa tu kwamba anatafuta uzuri.

Neno moja kabla hatujaendelea. Tukisema kope hapa tunakusudia ile ngozi inayofunika jicho, siyo nywele zake. Na tusichanganye na vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa kuambukiza unaofanya nywele za kope zigeukie ndani na kukwaruza jicho. Huo ni ugonjwa mwingine, na tiba yake ni nyingine.

Vitu vitatu vinavyoshuka

Watu husema "macho yamelegea" kana kwamba ni jambo moja. Ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Anayetibu moja akidhani ni jingine hupoteza pesa za mgonjwa na pengine humharibu.

La kwanza ni paji la uso na nyusi. Kadiri umri unavyokwenda, ngozi hupoteza uimara wake na nyama iliyo chini yake husinyaa. Nyusi huteremka, hasa upande wa nje kuelekea sikioni. Zikiteremka zinaisukuma ngozi ya kope chini. Mtu anaonekana amekasirika au amechoka, hali yeye ni mzima na hana neno na mtu.

La pili ni ngozi ya kope yenyewe. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko sehemu nyingine zote za mwili. Inanyooka, inakuwa nyingi, inakunjamana na kuning'inia kama pazia lililotoka kwenye fimbo yake. Jua, upepo, sigara na tabia ya kufikicha macho huongeza kasi. Wanaolima mwani na wanaoshinda baharini, ambako mwanga unapiga kutoka juu na kurudi tena kutoka kwenye maji, wanajua jinsi wanavyokunja uso kutwa nzima.

La tatu ni msuli. Ndani ya kope ya juu kuna msuli mdogo unaoinyanyua kila tunapofungua jicho. Kano ya msuli huo ikinyooka au kuachia, ukingo wenyewe wa kope huteremka na kuifunika mboni. Hapa ngozi inaweza kuwa safi kabisa, haina hata kunyanzi moja, na bado jicho likaonekana limefunga nusu. Hali hii huwapata wazee, huwapata waliowahi kuumia jicho, na wapo watoto wanaozaliwa nayo.

Unaweza kujitazama mwenyewe kwenye kioo au kwa kamera ya simu. Kaa wima, tazama mbele bila kuinua nyusi. Kisha ziinue nyusi taratibu kwa vidole mpaka mahali zilipokuwa ujanani. Jicho likifunguka vizuri, shida yako kubwa ni paji na nyusi. Likibaki na mkunjo wa ngozi unaoning'inia, ni ngozi ya kope. Na kama ngozi haining'inii lakini ukingo wa kope umeifunika nusu ya mboni, shuku msuli. Wengi wenye umri mkubwa wana mawili au yote matatu kwa pamoja.

Ipo dalili nyingine ambayo wengi hawaiunganishi na kope. Kope ikishuka, mwili hutafuta msaada: misuli ya paji inafanya kazi kutwa kuzivuta nyusi juu. Ndiyo maana mtu mwenye kope nzito huwa na mistari mirefu pajini, na jioni kichwa humuuma sehemu ya mbele. Anameza panadol kila siku, kumbe paji linabeba mzigo wa kope.

Dalili zisizongoja

Kabla ya kuzungumzia upasuaji wa aina yoyote, tuyataje mambo ambayo si ya kungoja wiki ijayo.

Kope ya jicho moja ikianguka ghafla, ukaona vitu viwili viwili, mboni ya jicho hilo ikawa kubwa kuliko ya jicho la pili na kichwa kikauma sana, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa mshipa wa damu kichwani umevimba na kuukandamiza mshipa wa fahamu. Kisukari nacho kinaweza kuangusha kope ya jicho moja.

Uso ukilegea upande mmoja, mdomo ukaenda upande, mkono ukakosa nguvu au maneno yakagoma kutoka, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Kila saa ina thamani.

Uso ukilegea upande mmoja wote, paji likiwemo, ukashindwa kukunja paji upande huo wala kufumba jicho, huenda ni kupooza kwa mshipa wa fahamu wa uso. Huku kwetu wengi husema ni upepo mbaya, wakatafuta kombe na mafusho kwanza. Hatumkatazi mtu dua. Lakini dawa ya hospitali kwa hali hii husaidia zaidi ikianza ndani ya saa 72, na jicho lisilofumba linahitaji kulindwa lisikauke na kupata kidonda. Basi dua na zahanati viende pamoja, pasiwe na kimoja kinachomngojea mwenzake.

Kope zikiwa nyepesi asubuhi na nzito jioni, na hasa kutafuna au kumeza kukiwa kwa shida, upo ugonjwa wa misuli kuchoka haraka. Huo unatibiwa kwa dawa. Anayemkata mgonjwa huyo kope kabla ya kuujua ugonjwa wake amekata mahali pasipo na kosa.

Aliyeumwa na nyoka, kisha kope zake zote mbili zikaanza kuwa nzito, ana sumu ya mishipa ya fahamu mwilini, kama ile ya koboko au fira. Kope huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kulegea, na kupumua kunaweza kufuata. Hapo ni kukimbizwa hospitali bila kuchanja wala kufunga kamba ya kubana.

Na mtoto. Mtoto aliyezaliwa na kope iliyofunika mboni asiambiwe "atakua nayo itainuka". Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Jicho lililofunikwa halifundishwi kuona, na likichelewa linabaki na uoni hafifu hata kama kope itainuliwa baadaye. Mpelekeni kwa daktari wa macho mapema, yeye ndiye atakayesema upasuaji ufanyike sasa au ungoje.

Njia zilizopo za kunyanyua

Ikiwa daktari amehakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine nyuma yake, ndipo tunapokuja kwenye njia. Tunaanza na zile zinazofanya kazi kwa kudumu.

Kupunguza ngozi ya kope. Daktari huchora mstari kwenye mkunjo wa asili wa kope, hupiga ganzi, huondoa kipande cha ngozi iliyozidi, wakati mwingine na mafuta kidogo, kisha hushona. Kwa watu wazima wengi hakuna haja ya nusu kaputi. Kazi yenyewe kwa kawaida huchukua saa moja au mbili. Kovu hujificha kwenye mkunjo. Nyuzi hutolewa baada ya takriban wiki moja, na uvimbe na weusi wa damu hupungua ndani ya wiki mbili hivi. Ubaya unaoweza kutokea ni macho kukauka, kope moja kutofautiana na nyingine, maambukizi, na ngozi kukatwa kupita kiasi mpaka jicho likashindwa kufumba. Mara chache sana damu huvuja nyuma ya jicho na inaweza kuleta upofu isipowahiwa. Ndiyo maana kazi hii hufanywa mahali penye daktari na vifaa vya dharura.

Kuukaza msuli. Kope ikiwa imeshuka kwa sababu ya msuli, kupunguza ngozi hakutoshi. Daktari huutafuta msuli au kano yake na kuifupisha au kuishikiza upya. Msuli usio na nguvu kabisa, kama kwa baadhi ya watoto, huachwa, na kope huunganishwa na misuli ya paji kwa uzi maalumu au kipande cha utando kutoka pajani, ili mtoto ainue kope kwa kuinua paji.

Kuinua paji na nyusi. Zipo namna kadhaa. Iliyo rahisi ni kukata kipande cha ngozi juu kidogo ya nyusi na kushona. Inainua vizuri, lakini kovu hukaa mahali panapoonekana. Nyingine ni kukata ndani ya nywele kutoka upande wa sikio moja hadi jingine na kulivuta paji lote. Nyingine hutumia matundu madogo ndani ya nywele na kamera nyembamba. Kwetu sisi watu weusi lipo la kuangalia zaidi: baadhi yetu tuna ngozi inayovimba kovu na kukua kupita mpaka wa kidonda. Ngozi ya kope mara chache sana hufanya hivyo, lakini mahali pengine usoni na mwilini panaweza. Kama tundu la hereni au chanjo iliwahi kukuvimbia, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Sasa njia za muda.

Sindano ya kulegeza misuli, ambayo watu wanaijua kwa jina la Botox. Ndani yake kuna sumu ya bakteria iliyopunguzwa mpaka kiwango kidogo mno. Ikidungwa mahali sahihi hulegeza misuli inayovuta nyusi chini, nazo zikapanda kidogo. Haiondoi ngozi iliyozidi, na nguvu yake huisha baada ya miezi 3 au 4. Na ikisambaa ikafika kwenye msuli wa kope, jambo hugeuka: aliyekwenda kuinuliwa jicho hurudi na kope iliyoanguka kwa wiki kadhaa.

Nyuzi za kuvuta ngozi. Hupitishwa chini ya ngozi kwa sindano ili kuvuta nyusi. Matokeo hufifia, mara nyingi ndani ya mwaka au karibu na hapo.

Matone ya macho. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha matone ya oksimetazolini kwa watu wazima ambao kope zao zimeshuka. Yanainua kope kwa saa kadhaa kisha inarudi ilipokuwa. Wapo pia wanaotumia utepe wa kubandika juu ya kope, au miwani yenye kiwaya kidogo cha kuishikilia. Si njia za kudharau kwa mzee asiyeweza kupasuliwa.

Krimu na dawa za kupaka. Hapa tuseme wazi: hakuna krimu inayonyanyua kope iliyoshuka. Liwa ikikauka usoni unahisi ngozi imevutwa, lakini ukinawa inarudi pale pale. Liwa angalau haina madhara makubwa. Wasiwasi wetu ni mikebe isiyo na maandishi yanayoeleweka, inayouzwa kwa ahadi ya kurudisha ujana. Baadhi ya krimu za namna hii duniani zimekutwa na zebaki na haidrokwinoni, vitu ambavyo Tanzania imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kopo lisilo na alama wala jina la mtengenezaji halifai kukaribia jicho.

Mstari unapita wapi?

Turudi kwenye mjadala wa Mloganzila. Wakati ule Mkurugenzi Mtendaji wa Muhimbili alikuwa Profesa Mohamed Janabi, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Wanaoiunga mkono huduma hii husema Watanzania walikuwa wakienda nje ya nchi au kwa watu wasio na ujuzi, na ni heri wafanyiwe na mabingwa hapa hapa. Wanaoipinga huuliza kwa nini hospitali ya umma ishughulike na uzuri wakati wapo wagonjwa wanaokosa huduma za lazima.

Hoja zote mbili zina uzito. Lakini zote huchukulia kwamba urembo uko upande mmoja na matibabu upande wa pili, na ukuta katikati. Kope zinaonyesha kwamba ukuta huo hauko pale tunapoudhania. Upasuaji ni ule ule, kisu ni kile kile, mshono ni ule ule. Kwa mtu mmoja ni kutafuta sura ya zamani. Kwa mwingine ni kuiona ngazi ya boti kabla hajaikanyaga.

Hata historia ya ile sindano inaonyesha hivyo. Ilianza kwa daktari wa macho wa Marekani, Alan Scott, aliyekuwa anatafuta namna ya kutibu makengeza bila kisu. Mwaka 1989 Marekani iliiidhinisha kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe kwa mkazo. Ni mwaka 2002 ndipo ilipoidhinishwa kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi. Ilizaliwa dawa ya macho, ikaja kujulikana kama dawa ya urembo.

Nchi nyingine zimeamuaje? Uingereza, hospitali za umma hazimfanyii mtu upasuaji wa kope bure kwa sababu tu hapendi sura yake, ila kope ikizuia kuona, mlango unafunguka. Marekani, bima ya serikali kwa wazee hutaka ushahidi: picha za macho na kipimo kinachoonyesha kiasi gani cha kuona kimezibwa.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Mgonjwa hukaa mbele ya mashine iliyo kama bakuli, anatazama nukta ya katikati, na kila anapoona taa ndogo inawaka pembeni anabonyeza kitufe. Taa za juu ambazo hakuziona zinahesabiwa. Kisha kope hubandikwa juu kwa plasta na kipimo hurudiwa. Akiona taa ambazo mwanzo hakuziona, tofauti ile ndiyo sehemu ya uoni ambayo kope ilikuwa inaiiba. Hapo hakuna tena kubishana kama bibi huyu anataka urembo.

Wengi wetu hapa kisiwani tungependa kujua pia dini inasemaje. Baraza la kimataifa la fiqhi la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 likalijadili jambo hili. Liliruhusu upasuaji wa kurudisha kiungo kwenye hali na kazi yake na kuondoa kasoro au madhara, na likakataza wa kubadili umbile kwa matamanio tu. Mwenye swali lake binafsi amwendee sheikh wake. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba wanazuoni hao nao wamelitazama lile lile: kiungo kinafanya kazi yake, au hakifanyi?

Kwetu Tanzania jambo hili litazidi kuwa na maana. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima yoyote ina orodha ya inachokilipia na isichokilipia. Tuliona Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika, jinsi hospitali binafsi zilivyovutana na mfuko na wagonjwa wakabaki katikati. Neno moja kwenye orodha linaweza kumfungia mtu mlango. Kope zikiandikwa kwa jumla kuwa ni urembo, mzee wa Kiegeani asiyeona mbele atahesabiwa pamoja na kijana wa mjini anayetaka picha nzuri. Zikiandikwa kwa jumla kuwa ni tiba, pesa za wengi zitalipia sura za wachache. Kwa maoni yetu njia ya haki ni ya tatu: kipimo kiamue. Na ili kipimo kiamue, lazima kiwepo mahali ambapo watu wanaweza kufika.

Kutoka Kiegeani hadi kwa daktari

Mtu wa Dar es Salaam akiambiwa "rudi wiki ijayo" hupanda daladala. Mtu wa Mafia ana bahari. Kivuko kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha gari hadi Dar es Salaam, pa kulala, chakula na mtu wa kukusindikiza, vyote ni sehemu ya bei ya upasuaji hata kama haviandikwi kwenye risiti. Kwa hiyo tunashauri kupanga safari kwa hatua.

Anza na zahanati iliyo karibu, kisha hospitali ya wilaya Kilindoni. Mwambie mhudumu unachoshindwa kufanya, usiishie kwenye unavyoonekana. "Siwezi kuona kichwa cha ngazi mpaka niinue uso" ni maneno yenye uzito kuliko "macho yangu yamezeeka". Omba upimwe shinikizo la damu na sukari, na jicho lenyewe litazamwe. Wazee wengi wanaodhani kope ndiyo inayowazuia kuona wana mtoto wa jicho pia, na kuinua kope bila kuondoa mtoto wa jicho ni kufungua dirisha lenye kioo cha ukungu.

Kipimo rahisi kinaweza kufanyika hata pasipo mashine. Mhudumu hukaa mbele yako kama mita moja, mnatazamana, kisha analeta vidole vyake kutoka juu taratibu. Unasema ulipoviona. Kope huinuliwa kwa plasta na jambo hurudiwa. Omba matokeo yaandikwe kwenye fomu ya rufaa. Karatasi hiyo ndiyo sauti yako utakapofika mjini.

Tangu 2024 serikali imekuwa ikipeleka makundi ya madaktari bingwa kwenye hospitali za halmashauri. Yakitangazwa kuja Kilindoni, ulizeni kama yupo wa macho. Ikibidi kuvuka bahari, Muhimbili na CCBRT pale Msasani ni mahali panapojulikana kwa huduma za macho. Kabla ya kuondoka Dar es Salaam ulizeni kama nyuzi zinaweza kutolewa Kilindoni, na mpewe barua kwa daktari wa huku. Hilo peke yake linaweza kuokoa nauli ya safari ya pili.

Maswali ya kumuuliza daktari kabla ya kukubali ni haya. Kinachoshuka kwangu ni paji, ngozi au msuli? Umewafanyia watu wangapi kazi hii? Kovu litakaa wapi? Jicho langu likikauka au lisipofumba, nitatibiwa na nani na kwa gharama ya nani? Nisipofanya, nini kitatokea? Mzee au bi mkubwa akienda na kijana wake, kijana ndiye aandike majibu. Daktari mzuri haudhiki kuulizwa.

Na wale wa sindano za saluni na wauzaji wa mitandaoni? Anayekudunga uso lazima awe mtaalamu wa afya aliyesajiliwa, na madaktari wana baraza lao linalowasajili, Baraza la Madaktari Tanganyika. Chupa anayotumia lazima iwe na jina, tarehe ya mwisho na usajili wa TMDA, mamlaka inayosimamia dawa. Anayekataa kukuonyesha chupa amekwisha kukujibu.

Kinga ya kawaida nayo tusiisahau. Kofia pana ya ukili na miwani ya jua kwa anayeshinda pwani, kuacha sigara, kutofikicha macho, na kutibu mzio unaowasha macho mapema. Havitarudisha kope iliyokwisha kushuka, lakini vitachelewesha inayokuja.

Anayetaka kuinuliwa kope kwa ajili ya uzuri, pesa ni zake na uso ni wake. Tunamwomba tu aende kwa mtaalamu. Lakini mzee wako anayeinua kidevu ili akuone, usimwache na jibu la "uzee huo". Mwambie ainue nyusi kwa vidole vyake atazame. Akisema, "Kumbe, sasa naona," mpeleke akapimwe.